Muuza Samaki Aliyeichukia Yubile

Pale Tatum Point, enzi zile meli ya abiria ingali ikivuka ghuba kutoka mji wa Mobile, palikuwa na duka moja tu la samaki, na mikosi ya mji ule ikafanya mwenye duka awe Thaddeus Laurendine. Wenzake wenye maduka walikuwa watu. Kinyozi Wilburn alikuwa mtu. Ndugu Burrell wa kiwanda cha barafu alikuwa mtu, tena wa watu. Hata yule bwana wa mazishi, aliyeuza vitanda chumba cha mbele na majeneza chumba cha nyuma, alikuwa na utu wake, maana ukinunua kimoja alikupunguzia bei ya kingine. Lakini Thad, basi tena.

Tangu azaliwe hajawahi kuvua hata dagaa. Tope aliliogopa, maji yakimpita kifundo cha mguu aliyaogopa, na kaa alimwogopa kuliko alivyomwogopa mchungaji. Kutwa alivaa viatu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, na aproni isiyo na doa, kama mtu anayeuza maua. Samaki aliwanunua gatini kwa kuwalalia wavuvi, kisha akawalaza juu ya barafu mpaka wakawa wenyeji. Kulikuwa na mkizi mmoja dirishani aliyekaa muda mrefu hata wateja wakiingia wanamwamkia, na siku mkizi huyo alipouzwa, bibi mmoja wa juu ya kilima, Shangazi Tempie, akasema duka limepwaya. Aliyemnunua alikuwa mgeni. Hakuonekana tena mjini.

Thad alikuwa na namna yake ya kufunga samaki. Alimviringisha kwenye gazeti, mkia akauacha nje, ili njia nzima watu waone kwamba fulani katoka dukani kwa Laurendine. Ukimwomba aufunike mkia, alikutazama kana kwamba umemwomba avue suruali.

Sasa ufuko ule wa mashariki una jambo lake. Wakati wa joto, baada ya siku ya mawingu, upepo wa mashariki ukivuma kidogo tu, maji yakijaa taratibu na ghuba ikalala kama mafuta kwenye sahani, samaki wa chini wote huja ukingoni kabla hakujapambazuka, wamelewa, hawana habari na mtu. Kamba wanarukaruka. Kaa wanapanda nguzo za gati kama watoto wanaokimbia kuogeshwa. Gayogayo, wale samaki bapa wenye macho yote upande mmoja, wanalaliana kama sahani kabatini. Wenyeji huita jambo hilo Yubile, kama ule mwaka wa Biblia ambao kila mtu hurudishiwa chake. Na sheria ni moja. Anayeona wa kwanza hainami kuokota hata mmoja kabla hajapiga ukelele. Akishaita, kengele inalia, milango inafunguka, na mji mzima unateremka na makarai, wamevaa nguo za kulalia. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na mpaka mwaka ninaousimulia hakuna aliyeivunja.

Thad aliichukia Yubile kama mtu anavyomchukia mdeni aliyemkimbia. Ikishakuja, kila nyumba ina samaki mpaka ndani ya kofia, na dukani kwake haingii hata nzi. Kanisani, mchungaji akishukuru kwa ajili yake, Thad hukohoa.

Na mke aliyemwoa, Ozella, alikuwa mtoto wa Shangazi Tempie mwenyewe, yule bibi wa juu ya kilima ambaye kengele ya Yubile ilikuwa mkononi mwake. Ozella alizaliwa siku ya Yubile, ndani ya karai, katikati ya kaa, na mama yake akamaliza kujaza karai la pili ndipo akarudi nyumbani kutoa kondo la nyuma. Mtoto wa namna hiyo ndiye Thad aliyemkataza kwenda ufukweni tangu siku ya harusi. Mke wa mwenye duka aokote samaki kama paka? Ozella alinyamaza. Alikuwa na kunyamaza kwake, na Thad, kwa upumbavu wake, alidhani ni kukubali.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, Bwana Crenshaw, mkuu wa jiko la ile hoteli kubwa ya wageni, akamwita Thad mlango wa nyuma. Tajiri wa mbao kutoka Montgomery alikuwa anamwoza binti yake hotelini Jumamosi usiku, na karamu ilitaka gayogayo waliojazwa nyama ya kaa, mkokoteni mzima, wabichi. Thad akiwaleta, hoteli itanunua kwake mwaka mzima, na samaki wa Mobile basi. Akishindwa, asipige tena hodi pale. Thad alikubali kabla mwenzake hajafika mwisho wa sentensi.

Mtu mwenye akili angekwenda gatini kutafuta samaki. Thad alikwenda kutafuta rangi. Jioni ile ile juu ya duka pakawa na ubao mpya: LAURENDINE, MLISHA HOTELI. Kisha akaenda kwa Wilburn kunyolewa, mradi tu apate watu wa kuwavimbia.

"Na hao samaki umeshawapata?" Wilburn akamuuliza, wembe mkononi.

"Watapatikana."

"Kwa nani?"

"Wilburn, wewe nyoa."

"Nanyoa. Nilidhani labda utampeleka yule mkizi wa dirishani akawaite ndugu zake."

Kibanda kizima cha kinyozi kilicheka. Thad alitoka na nusu ya ndevu.

Kwa wavuvi, alikopitisha miaka yote akiwalalia, kila mmoja alikuwa na sababu. Huyu wavu wake umechanika, yule mgongo unamuuma, mwingine alimwambia wazi kwamba gayogayo anao, na atawala yeye. Mpaka Ijumaa Thad alikuwa na gayogayo wa kutosha meza moja, tena ya watu wasio na njaa.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Ijumaa ile mawingu yalitanda kutwa, na jioni upepo ukageuka ukaja kutoka mashariki, mdogo, kama pumzi ya mtoto. Thad aliziona dalili, maana mtu hujua sana habari za anachokichukia. Akapiga magoti kando ya kitanda, Ozella akiwa amelala palepale anamsikia, akaomba kwa sauti.

"Bwana, ilete. Lakini iwe ndogo, iwe mbele ya kwangu tu, na hawa wengine uwape usingizi mzito. Amina."

Akangoja mkewe aitikie. Ozella akageukia ukutani.

Barafu hakuagiza, kwa sababu Ndugu Burrell angeuliza ya nini. Alfajiri alimfunga nyumbu kwenye mkokoteni, akapakia mapipa, akamwambia mkewe avae, na mdomo auache nyumbani.

Na kweli, ilikuwa imekuja. Si ndogo. Ukingo wote ulikuwa umejaa gayogayo, mmoja juu ya mwingine, wakipepea mikia kama watu wanaojipepea kanisani. Ungeweza kutembea juu yao mpaka Mobile na ukafika viatu vikavu. Thad alivua vile viatu vyake vya rangi mbili, akaviweka juu ya kiti cha mkokoteni kama watoto, akaingia majini akinyanyua miguu kama kuku. Akaanza kuchota. Ozella alisimama maji yakimfika magotini, ncha ya aproni ameiuma kwa meno, maana kila alipoangalia yale maji, ukelele ulimpanda wenyewe. Juu ya kilima nyumba ya mama yake ilikuwa giza. Nyumba ya Wilburn giza. Wote wamelala fofofo, kama ilivyoombwa, na wengi wao wiki nzima walikuwa wanakula uji wa mahindi na chumvi.

Mapipa yalipokaribia kujaa, kaa mkubwa, dume, rangi ya buluu, akamshika Thad kidole gumba cha mguu.

Hapa mpeni haki yake. Hakulia. Mtu yule anayemkimbia kaa aliyekwisha kupikwa, alisimama na kaa mguuni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, meno ameyabana, kwa sababu sauti ingewaamsha majirani. Akamwonyesha mkewe kwa mikono: njoo, mtoe. Ozella akamtazama kaa. Akamtazama mumewe, jinsi alivyoweza kuumia kiasi kile ili tu jirani asipate kitoweo. Akaitoa aproni mdomoni, akaikunja vizuri.

"Yubile!"

Wanasema sauti ile iliamsha watu ng'ambo ya pili ya ghuba, na kuna jogoo kule hakuwika tena, aliona hana kazi. Kengele ya Shangazi Tempie ilijibu hapo hapo. Taa zikawaka, makarai yakagongana njiani, na watu wakaja wakikimbia.

"Una wazimu?" Thad akasema.

"Uliomba walale," Ozella akasema. "Mimi sikuitikia amina."

Angalieni basi bahati aliyopewa mtu huyu na alivyoitupa. Watu walipofika na kumkuta majini, walidhani yeye ndiye aliyemtuma mkewe aite. Wilburn alimpa mkono. Ndugu Burrell alivua kofia ya kulalia. Shangazi Tempie aliteremka kwa fimbo yake, akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu.

"Mkwe wangu," akasema, "nilikuwa nimekudharau bure."

Angenyamaza tu. Angeitikia "ndiyo, mama", angezikwa na heshima. Lakini Thad alipanda mkokoteni, kaa bado ananing'inia kidoleni, akatandaza mikono juu ya mapipa.

"Rudini mkalale," akasema. "Hawa ni wangu. Niliwaona kwanza."

Watu wakainua vichwa, makarai mikononi.

"Uliwaona kwanza?" Shangazi Tempie akauliza. "Na hukuita?"

"Niite kwa nini?"

Bibi aling'oa fimbo yake mchangani. "Chukua vyako, mwanangu," akasema. "Heshima yangu nimeichukua na mimi." Akampa kisogo, akainama kuokota.

Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu nafasi kuzunguka mkokoteni wake, kama inavyoachwa kwa mtu mwenye ndui, wakafanya kazi yao huku wakicheka na Ozella, ambaye alishapata karai la mtu. Kaa alijitoa mwenyewe jua lilipochomoza. Nadhani hata yeye alimchoka.

Thad akakimbilia barafu. Kiwanda kimefungwa, Burrell yuko majini. Burrell alipofungua, jua limeshakuwa kali, alikuwa anagawa vipande kwa kila karai lililopita, na Thad akaambiwa barafu iliyobaki ni ya kanisa. Basi akashika njia ya hoteli bila barafu, nyumbu mzee, mchanga mrefu, jua la Agosti. Mbwa waliomfuata mwanzo wa safari, katikati walirudi.

Bwana Crenshaw alimpokea mlango wa nyuma, kitambaa puani. Nyuma yake jiko lilikuwa limejaa gayogayo mpaka kwenye masinki. Mlio wa kengele uliwafikia hata wageni wa hoteli, wakashuka ufukweni na mabeseni ya vyumbani, baba wa bibi harusi ameikunja suruali yake ya hariri, wakajiokotea karamu yao wenyewe, bure.

"Wangu bado wanapiga mikia, Thad," Bwana Crenshaw akasema. "Wako tuliwanusa kabla hatujasikia gurudumu. Ondoka nao kabla wageni hawajakaa mezani."

Mapipa yale aliyafukia mwenyewe nyuma ya duka. Mpaka leo hapaoti kitu pale ila nyanya, na hakuna anayezila. Ubao aliupanda kwa ngazi akakwangua neno HOTELI, likabaki LAURENDINE, MLISHA, na watoto wa shule wakimaliza wenyewe kwa sauti kila wanapopita: mlisha nzi, mlisha mbwa.

Yubile ya mwaka uliofuata, watu walimwita. Si watu wa kumwacha mtu. Wilburn mwenyewe alipiga hodi mlangoni: "Bwana Thad, Yubile." Ozella alitoka na karai. Thad alijifunika shuka mpaka kichwani. Walipokuwa wanarudi, wakamwekea gayogayo mmoja kizingitini, mnene, bado anahema, wamemviringisha kwenye gazeti na mkia wameuacha nje.

Ozella alimkaanga kwa unga wa mahindi, akamwekea mezani. Thad alimla mpaka mifupa, akafuta vidole kwenye lile gazeti, akauliza kama hakuletwa mwingine.