Siku Niliyomfanya Baba Mjenzi wa Reli

Hili jambo nimelificha miaka, na ninalisema sasa kwa sababu Papa Didier amekwishalisambaza Kariakoo nzima kwa namna yake, na afadhali mjinga ajisimulie mwenyewe.

Ilikuwa Guangzhou, miaka ile ambayo kila mwenye duka Tanzania ama ametoka China ama anakwenda. Nilikuwa soko la vitambaa la Zhongda, namalizia kitambaa cha sare za kwaya yetu ya Morogoro, na kontena letu linafungwa bandarini Huangpu kesho yake asubuhi. Pasipoti nilikuwa nimeiacha hotelini chini ya godoro kwa kuogopa wezi wa mfukoni (nilijiona mjanja kweli, hata nikamtambia Papa Didier, Mkongo wa Lubumbashi niliyekuwa nikinunua naye). Basi wakatokea polisi wawili, vijana, wakataka pasipoti, nikawapa fotokopi, mmoja akaitazama mbele na nyuma, akanionyesha gari.

"Mon frère, nyamaza tu, uende nabo," Papa Didier akaniambia. "Haiko histoire." Yaani si jambo la kukuza.

Ningemsikiliza. Lakini mimi nikajiona nimelazwa ndani, kontena limeondoka, kwaya inaimba Pasaka na nguo za zamani, na hofu ikanishika hasa, nikakumbuka kwamba sisi Watanzania si wageni wa hivihivi, Wachina walitujengea reli ya kwenda Zambia, ni ndugu. (Kila Mtanzania anayo karata hii, huitoa akibanwa.) Nikasema Tanzania, nikasema pengyou, yaani rafiki, nikajipiga kifua nikasema baba, na kwa kuwa Kichina changu kilikuwa kinaishia kwenye bei, nikainama nikaonyesha mtu anayepiga nyundo, kisha nikawa treni. Nilizunguka meza ya vitambaa mara mbili, na mlio nikautoa. Baba yangu, niseme ukweli, reli hiyo hajawahi hata kuipanda.

Polisi hawakucheka. Aliyeelewa ni mama mwenye duka, akaingia nyuma akarudi na baba mkwe wake, mzee mmoja mwenye kandambili, ambaye alisema kwa Kiswahili, "Habari za Tanzania?"

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mimi nilikaa kule miaka mitano. Baba yako alikuwa kambi gani?"

Ningeweza kusema Mlimba. Ningeweza kusema Makambako, kote reli hiyo inapita. Kinywa kikasema Tabora, kwa sababu ndiko nilikozaliwa na stesheni yake ndiyo ninayoijua.

Mzee akafikiri. "Tabora ni reli ya Mjerumani," akasema taratibu. "Sisi hatukufika." Nyuma yangu Watanzania watatu waliokuwa wakipimiwa vitambaa wakaomba vipimo visubiri.

Kisha akawageukia wale polisi, akaongea nao Kichina kirefu, mara wakaanza kutabasamu, wakanirudishia fotokopi, wakaenda zao. Nikamshika mzee mikono yote miwili, nikamuuliza amewaambia nini.

"Nimesema namkumbuka baba yako," akasema. "Mvivu sana, kazi hajui, lakini tulimpenda."

Sare zilifika, na Pasaka kwaya ikapendeza. Lakini baba yangu ni fundi cherehani hukohuko Tabora, amekanyaga cherehani miaka arobaini na hajawahi kusinzia kazini, na sasa kuna polisi wawili Guangzhou wanaomjua kama mvivu wa reli, na mimi mwanawe wa kumzaa niliitikia kwa kichwa nikasema asante. Aibu hiyo inaniuma kuliko ile ya treni. Pasipoti siku hizi naenda nayo hata chooni, na baba nimeapa simtoi tena Tabora.