Jeneza Ambalo Hatukuliagiza

Jeneza la mume wangu lililetwa nyumbani kabla hatujaliagiza.

Siwatanii. Saa tatu asubuhi shemeji yangu alikuwa anafunga kamba za viatu aende mochwari na futi, maana marehemu kaka yake alikuwa mrefu kupindukia, na majeneza ya dukani yasingemtosha. Mara mkokoteni ukasimama mlangoni. Vijana wawili wakashusha jeneza, wakaliweka uani.

"Nani kawatuma?" shemeji akauliza.

"Fundi."

"Fundi gani? Sisi hatujaagiza kitu!"

"Kasema mama atajua."

Shemeji akalipima, akaenda mochwari, akarudi amepauka.

"Shemeji, linamtosha sawasawa. Huyu mtu kampima lini?"

Nilijua.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mimi. Tulijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtaa huohuo ukambandika jina la Cheche. Kutulia alikuwa hakujui. Darasani dakika tano yupo, ya sita yuko dirishani. Daftari limepotea, kiatu kimoja hakionekani, unamuuliza hili anakujibu la juzi. Viboko alikula mpaka wachapaji wakachoka wenyewe.

Alipotimiza miaka kumi na nne, daktari akatuambia ana ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia.

"Si mjinga, wala si mtukutu," akasema. "Akili yake inakimbia. Mtafutieni kazi ya mikono, mtaona."

Mwalimu alicheka njia nzima. Mimi sikucheka. Nikampeleka kimyakimya kwa seremala wa mtaa wa pili.

Jamani! Mtoto aliyekuwa hamalizi sahani ya chakula bila kuinuka mara nne, alikaa saa tatu anapiga msasa mguu wa meza. Kimya. Nilisimama mlangoni nikalia kama mjinga.

Namba za kwenye futi zilikuwa zinamchanganya, basi seremala akamfundisha kupima kwa uzi. Fundo hapa, fundo pale, basi. Hakukosea tena.

Jumapili moja mchana, Mwalimu amejilaza chumbani, miguu inaning'inia nje ya kitanda kama kawaida yake. Cheche akaingia kwa kunyata, akanyoosha uzi kutoka utosini mpaka kwenye kisigino, akapiga fundo. Akanionyesha ishara nisiseme.

Baada ya miezi miwili akaleta kitanda. Kirefu, kimenyooka, hakilii hata ukikirukia. Kwa kiwewe cha furaha nikaanza kupiga pasi shuka mpya, nikaiegemeza pasi kwenye ubao wa ubavuni. Ikaacha alama nyeusi, ya pembe tatu.

"Acha tu, mama," Cheche akacheka. "Hiyo ndiyo sahihi yako."

Mwalimu aliporudi akakitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe masomo yanakushinda kwa ajili ya hiki?"

"Baba, jaribu kulala kwanza."

"Nifundishe watoto wa watu, wangu awe mchonga mbao? Kitoe. Na wewe kifuate hukohuko."

Kijana wa miaka kumi na tano. Akakifungua kitanda ubao kwa ubao, akakipakia kwenye mkokoteni, akaenda kuishi kwa seremala.

Mimi nilisimama palepale na shuka mkononi. Sikufungua mdomo. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

Miaka sita ikapita. Nilikuwa namwona kwa kujiiba. Baba yake hakutaja jina lake, mpaka alipougua na miguu kuvimba. Ikawa inamuuma kwa kuning'inia pale kitandani. Siku moja akaniuliza, uso umeelekea ukutani:

"Kile kitanda alikiuza?"

"Sijui. Nimwite umuulize?"

Akajivutia shuka, akasema, "Kesho."

Nikamuuliza tena kesho yake. Kesho. Na kesho yake tena. Simu ilikuwa mkononi mwangu, namba ninayo, na bado nikasubiri ruhusa. Mwalimu akafa siku ya Alhamisi.

Sasa turudi uani.

Watu walipoingia ndani kunywa chai, nikabaki peke yangu na lile jeneza. Nikalipapasa. Vanishi mpya, kazi safi. Nikapita ubavuni, vidole vikasimama.

Alama ya pasi. Ya pembe tatu.

Kile kitanda hakuwa amekiuza. Alikitunza miaka yote sita, akingoja kuitwa. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia mpaka shemeji akaja kuniinua.

Makaburini Cheche alikuja na bisibisi yake. Mwanaume mzima sasa. Wazee walitaka kumsaidia kufunga kifuniko, akakataa kwa heshima. Akakaza skrubu moja moja, hana haraka, mikono imetulia tuli.

Alipomaliza ya mwisho akanigeukia.

"Mama," akasema, "safari hii amelala."

Wazazi wenzangu, mwenye kijana asiyetulia asimfunge kwenye kiti. Mpe kitu mikononi, halafu mvumilie. Na siku akikuletea alichokitengeneza, hata kama ni kiti kinachoyumba, kikalie, tena akuone.