Macho ya Dada Masika na Dawa ya Manjano

Siku ya kwanza ya kazi, hapa Butembo, Directeur Ilunga aliniuliza: «Ulisoma mupaka wapi?»

«Troisième primaire, mwaka wa tatu tu, Directeur.»

Akacheka: «Bien. Hautabishana na mimi.»

Ilikuwa rébellion, wakati wa vita. Serikali ilimutuma kutoka mbali kuongoza laboratoire; barabara ilipofungwa akabaki na sisi, akaanza kutengeneza dawa ya manjano, ile bazungu banaita curcuma.

Manjano ilitoka Mangina na udongo wake. Tunaosha, tunakata-kata, tunaanika, tunatwanga. Tunalowesha unga mu alcool siku saba, tunachuja na kitambaa, tunapasha polepole mupaka alcool inaenda yote. Kunabaki kitu nzito kama asali: njo extrait. Mikono yangu ilikuwa jaune kabisa, rangi ya manjano yenyewe. Ku Misa, saa ya kupeana amani, batu banaficha yao.

Vitabu vya Directeur vilisema extrait inaua kansa mu chupa ya laboratoire, tena inasaidia kinga, ile nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Mu chupa. Hii neno alikuwa anairuka.

Akanituma Beni kupeleka dawa, mu dispensaire ya infirmier Kasereka, muuguzi wa kule. Kule dada yangu mukubwa, Masika, akapata kivimbe mu titi, tukaanza kumupa extrait. Munganga wa hôpital akamwambia: «Mama, tukate sasa, ingali kidogo.» Directeur akakataa: «Tukichanganya na kisu, tutajua aje nini imemuponesha?» Kasereka, mutu wa kutafuta cheo, akaitika: «Ndiyo, Directeur.»

Masika akaniuliza: «Mutoto wa mama, weye njo unaipika. Inaponesha?»

Nikajibu: «Ngoja, yaya, dada yangu.»

Akangoja miezi. Akakonda. Asubuhi moja macho yake yakawa jaune. Kasereka akapiga makofi: «Dawa imeingia mu damu!» Directeur akaandika mu cahier, daftari lake. Na mimi, mwenye mikono jaune, niliamini. Nilimuletea kioo. Masika akajiangalia, akacheka: «Sasa tunafanana na weye.»

Haikuwa dawa, ilikuwa maini. Kansa ilikuwa imefika kule. Munganga wa hôpital akaniuliza: «Mulikuwa munangoja nini?» Tukamuzika mbele ya mwezi kuisha.

Leo kazi nimeacha. Ilunga alirudi kwao na cahier yake. Kasereka iko na pharmacie, duka la dawa. Ninabataja, hata bakasirike. Bijana banaomba nibafundishe kupika extrait, ninabafundisha yote. Manjano haikunidanganya, ni batu. Lakini mwenye kivimbe ninamupeleka mwenyewe ku hôpital, na siketi mupaka aingie kwa munganga.

Juzi mama mumoja mwenye kivimbe akaniuliza mu njia ya hôpital: «Papa, unanikimbiza hivi, mimi niko nani kwako?»

Nikamushika mukono, tukaongeza mwendo.