Mlio Ndani ya Kompyuta ya Mama Mkasi

Babu Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina alipewa na wateja, kwa pindo zake zisizoonekana wala kufumuka. Mkewe, Mama Mkasi, ndiye aliyekata, yeye alishona. Chumba kimoja, meza mbili, maneno machache ya mzee na mengi ya mama. Sasa meza moja haina mwenyewe.

Juu ya meza hiyo ipo kompyuta. Mama Mkasi aliinunua kuukuu ili ajirekodi akifundisha kukata nguo, wanafunzi wa mbali wamwone. Kila somo lilikuwa na video yake: kola, mfuko, zipu. Tangu mama afariki, mzee huiwasha afunguapo duka na kuiacha ikisema mpaka jioni. Hakuwa na la kujifunza. Kola alianza kushona meno yote yakiwa bado kinywani. Alitaka sauti tu.

Basi kompyuta ikaanza vituko. Kwanza ikawa nzito kuamka. Mzee anatia uzi, anakunywa chai, anarudisha kikombe, ndipo inafunguka. "Uzee," akaiambia. "Hata mimi siku hizi." Kisha mama akawa anakwama katikati ya neno, mkasi hewani, mdomo wazi. Mzee akasubiri, kumsubiri amalize alikuwa amezoea. Mara kompyuta ikajizima na kujiwasha bila kuguswa na mtu. Somo la mfuko likagoma kufunguka kabisa. Mwishowe ukaja mlio: tak, tak, tak, kimya, tak.

Hapo mzee akafurahi. Mlio huo aliujua! Cherehani ikigonga hivyo, ina kiu. Akachukua bisibisi, akaifungua kompyuta ubavu huku ikiwaka, akashika kopo la mafuta lenye mdomo mwembamba, akainama kutafuta penye kiu.

"Babu! Weka chini hilo kopo!"

Mlangoni alisimama Mama Waya, fundi wa simu na kompyuta wa chumba cha pili. Alikuja kufuata sketi yake.

"Sketi haijawa tayari," mzee akasema.

"Lini imewahi kuwa tayari? Unafanya nini hapo?"

"Inagonga. Naitia mafuta."

"Ukiitia mafuta, ujue unaizika."

Akasogea, akatega sikio kwenye kasha kama daktari. Uso ukambadilika.

"Kabla ya kugonga, ilikuwa nzito? Inakwama? Inajizima yenyewe?"

"Umejuaje? Kumbe unanichungulia?"

"Nikuchungulie una nini, babu? Dalili ya mvua ni mawingu. Humu kuna diski, ndani yake sahani inazunguka na mkono unaisoma. Mkono ukipotea njia unarudi mwanzo, unajaribu tena. Ndiyo hiyo tak, tak. Hiyo siyo kiu. Inaaga."

Mzee akaweka kopo chini. Kuaga alikujua.

"Basi nisiizime," akasema. "Ikilala haitaamka."

"Inaweza isiamke, sikufichi. Lakini ikiendelea hivi inajikwangua yenyewe, na masomo yanakwenda na unga wake. Una nakala mahali pengine?"

"Nakala ya nini?"

"Ya mama."

"Mama alikuwa mmoja tu."

Mama Waya alitaka kucheka. Akamtazama, akaacha.

Mzee akaizima mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Chumba kikawa kimya, kimya ambacho hakijawahi kukaa humo mchana.

Mama Waya akaitoa ile diski, wakaenda nayo kwake, akaiunganisha na mashine yake. Ikazunguka. Ikagonga. Ikazunguka tena, majina ya masomo yakajitokeza.

"Sasa sikiliza, babu. Inaweza kukata roho katikati ya kazi. Tutakachochukua mwanzo ndicho cha uhakika. Nianze na lipi?"

"Zipu."

"Zipu? Wacha utani! Gauni la harusi je? Hilo ndilo kila mtu analisifu. Hata mimi nilijifunzia pale."

"Ndiyo maana sketi yako umeniletea mimi. Zipu."

Mstari wa kunakili ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ukasimama. Tak, tak. Mzee alikuwa amekuja na ile sketi ya Mama Waya, akawa anaipinda kwa mkono, maana mikono mitupu ilimtisha. Mstari ukasogea kidogo, ukasimama tena, ukasogea. Ukafika.

Wakaifungua ile nakala. Mama Mkasi anaeleza zipu, ametulia, mtaratibu kabisa. Mara kichwa kinachong'aa kikapita mbele yake, kikasimama hapo hapo.

"We baba! Toa hicho kipara! Watu wamekuja kuona zipu, hawakuja kutazama mwezi mpevu!"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka mkasi ukamponyoka.

Mama Waya akajifuta machozi ya kicheko. Mzee naye mabega yanamtikisika.

"Kwingine kote anasema na wanafunzi," akasema. "Hapa alisema na mimi."

Gauni la harusi likapona, na kola, na mengine kadhaa. Mfuko haukupatikana. Wakiwa kwenye somo la mikono mirefu, diski ikagonga kwa haraka, ikanyamaza.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, babu."

"Imejitahidi."

Mama Waya akatia masomo kwenye flashi tatu. "Hii ya dukani. Hizi mbili zisilale nyumba moja na hiyo. Moto upo, wezi wapo, na wewe na kopo lako mpo."

Mzee akaomba simu, akampigia binti yake mkubwa.

"Njoo uchukue masomo ya mama yako. Yapo ya kwako na ya mdogo wako."

"Baba, si ulisema hayatoki dukani hata kwa mtutu?"

"Nilisema. Nusura yatoke yenyewe."

Binti akauliza, sauti chini, "Na anasemaje humo, mama?"

"Ananitukana," mzee akasema, kwa fahari.