Nilisuka Nywele Watu Wakiwa Angani

Mvua zilipokatika, mume wangu alikwenda kufungua kijiji. Wanaume kumi na wawili wa kwetu, karibu na Bukene, walipandishwa lori na mashoka yao, wakapelekwa katikati ya miombo wakajenge nyumba za ujamaa, halafu sisi wanawake na watoto tufuate. Aliniambia nitapata habari zake baada ya wiki mbili. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia. Kimya.

Mama mkwe alikuwa binti wa mpagazi, mtu aliyebeba pembe kwa miguu hadi pwani akarudi mzima. Kwao kulikuwa na mwiko: mume akiwa safarini, mke hasuki nywele. Ukijipamba, njia inamgeuka. Mimi niliuona ushamba. Nilikuwa kijana, shingo imenyooka, na uzuri wangu niliujua bila kuambiwa.

Mwezi huo wa pili redio ya dukani ilikuwa inatangaza Warusi watatu wanaoishi kwenye nyumba inayozunguka angani. Mwenye duka, Mwarabu aliyeongea Kinyamwezi kutushinda sisi, aliipandisha sauti kila taarifa ya habari, nasi tukasimama barazani kusikiliza.

"Kituo cha anga," redio ikasema.

"Kituo?" mama mkwe akadakia. "Kituo ni pa kutua mzigo, pana maji, pana kuni. Hao wametua juu ya nini?"

"Juu ya hewa, bibi," mwenye duka akasema.

"Basi hawajatua, wananing'inia. Na wake zao huko wanashika mwiko?"

Baraza zima likacheka. "Wake zao wamepaka rangi midomo, bibi, wanakunywa chai!"

Nilicheka kuliko wote, lakini moyoni nilikuwa nimeshawafunga wale watu pamoja na mume wangu. Wao hawaonekani, naye haonekani. Redio ikisema wazima, nakwenda kulala nikijua na wangu mzima. Hakuna aliyenituma kufikiri hivyo. Mtu akikosa habari zake, hula za wenzake.

Siku redio iliposema wale watu wanajiandaa kushuka, nikajua na wangu yuko njiani. Nikaenda kwa jirani akanisuka mtindo wa twende kilioni, mistari myembamba mpaka kisogoni. Nikafunga kitambaa, mama mkwe asione.

Kesho yake tukasimama tena barazani. Chombo kimetua salama, redio ikasema. Watu wakapiga makofi, mimi nikapiga na kigelegele. Mwenye duka akainua mkono. "Nyamazeni, bado anasema." Waliokwenda kuwapokea walipofungua mlango waliwakuta wote watatu wamekaa kwenye viti vyao, wamekufa. Hawana jeraha.

"Kimetuaje salama na watu wamekufa?" mtu akauliza.

"Chombo ndicho kilichotua salama," mwenye duka akasema polepole.

Mama mkwe hakuitazama redio. Alinitazama mimi, akanyoosha mkono, akakivuta kitambaa changu mbele ya watu. Hakunitukana. Angenitukana ningepona.

"Mkamwana," akasema, "mfuate mume wako."

Mwenye duka alinipa baiskeli. Sikujua kuipanda, niliisukuma tu, siku mbili kwa njia ya lori, nikilala kwa watu. Njia nzima nilikuwa nikifumua zile nywele kwa mkono mmoja. Mbung'o waliniuma mpaka nikaacha kuwafukuza. Nilikutana na mkata asali mmoja tu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza ninakokwenda. Nilipomwambia akashika njia yake bila kuaga.

Kijiji kilikuwa kimejengwa vizuri, siwezi kusema uongo. Nyumba zimepangwa mstari kama mahindi. Mchana wa jua kali, na hakuna jiko lililotoa moshi. Nikapiga hodi ya kwanza, ya pili. Nyumba ya tatu nikamkuta mume wangu amekaa ameegemea ukuta, macho nusu, ugali mkavu mkononi. Alikuwa amesinzia katikati ya tonge. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Makaburi mawili yalikuwa nyuma ya nyumba, udongo bado mwekundu.

"Mbona hamkuleta habari?"

"Tulikatazwa," akasema, ulimi mzito. "Mngeogopa kuja."

Ofisa wa kuhamisha watu alitokea na daftari lake. "Mama, huyu haruhusiwi kuondoka. Lori la wanawake na watoto linakuja Jumatatu."

"Likija, mwambie dereva alete majeneza pia, yatoshe na ya watoto," nikamwambia. "Na wewe jipimie lako." Hakunisogelea. Alikuwa akijikuna shingoni.

Nilimfunga mume wangu kwenye baiskeli kwa khanga yangu, kifua juu ya usukani, nikaanza kusukuma kuelekea hospitali. Wenzake wenye nguvu ya kusimama walisimama milangoni. Mmoja akaniita, "Shemeji, mwambie mke wangu asije." Nikamjibu nitamwambia.

Waganga wa hospitali walimponya, tukazaa watoto wanne. Lakini siku ile sikulijua hilo. Kila alipolegea nilimzaba kofi nikamuuliza, "Mimi nani?" Akataja jina langu. Hatua chache tena, kofi, "Mimi nani?" Akataja jina la mama yake. Nikaongeza mwendo.