Mchana wa Chui Milia Kwaluguru

Mpaka leo chui milia akitokea kwenye televisheni, nazima. Wanangu wananiona mkorofi, na wanione tu. Najua ni upuuzi kumchukia mnyama ambaye hajawahi kukanyaga nchi hii, lakini namchukia, na waliomleta nawachukia zaidi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kwamndolwa, pale Korogwe. Mama yangu analima Kwaluguru, upande wa Handeni, shamba la mahindi lililopakana na kichaka kinachoshuka hadi korongoni. Kichaka kile ni makao ya nyani. Kwa hiyo mama halimi tu, analinda. Mahindi yakianza kubeba anahamia shambani. Alfajiri anapanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa ili mtu aone shamba zima, anakaa humo na debe lake la kupiga mpaka jua lizame. Nyani wakienda kulala ndipo naye anarudi nyumbani. Adhuhuri anaswali palepale chini ya dungu, na anaswali haraka. Mahindi hayo ndiyo chakula chake cha mwaka mzima.

Mwaka ule walikuja wageni wa mradi mmoja wa kuhifadhi wanyamapori. Walikuwa na projekta, jenereta na mfululizo wa filamu za wanyama, na ya kwanza ilikuwa ya chui milia. Niliwauliza kwa nini chui milia, wakati watu wa Kwaluguru wana wanyama wao wa kutosha kuwasumbua. Wakasema picha zake zinavutia, watu wakimpenda huyo watawapenda na wengine. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, wakahitaji mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili papo kwa papo. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba. Kwaluguru ndiko nilikokulia nikienda shule peku, na sasa ningesimama mbele ya watu walewale nikiwa na kipaza sauti. Kichwa kilinivimba, sifichi.

Mwenyekiti wa kitongoji aliwaambia kwa adabu zote, "Njooni baada ya magharibi. Nyani wakishalala, watu wote watakuja."

Nikawatafsiria. Mkuu wa msafara akatikisa kichwa. Utaratibu wao, alisema, hauruhusu gari kuwa barabarani giza likiingia. Itakuwa saa nne asubuhi, darasani pale shuleni. Watu waliotoka mbali kuja kutufundisha habari za wanyama hawakujua nyani anakula saa ngapi, na walipoambiwa hawakujali. Mimi nilijua. Ningeweza kuwabana, nilikuwa na Kiingereza cha kuwabana. Nikamgeukia mwenyekiti nikamwambia ni saa nne, na yeye akaitikia kwa sababu mgeni ni mgeni.

Siku yenyewe nilipita shambani kwanza. Mama alikuwa juu ya dungu.

"Shikamoo mama. Twende shuleni."

"Marahaba. Siwezi kushuka, mwanangu. Yule pale ananitazama." Dume moja la nyani lilikuwa limekaa kwenye tawi, mikono juu ya magoti, halina haraka yoyote.

"Lakini mama, ni mimi nitakayesimulia."

Alinitazama. Kisha akafungua kanga yake nyekundu ya juu, akaifunga kwenye nguzo ya dungu ili nyani wadhani bado yupo, akashuka.

Kule kuna desturi ya kuachiana. Ukitaka kuondoka unampazia sauti jirani, "Nakuachia," naye anapiga debe mara moja. Debe likishalia, shamba lako liko mikononi mwake mpaka urudi. Hapo pana mashamba matatu mstari mmoja: la mama, la jirani yake ambaye ni shoga yake wa tangu utotoni, na la mzee mmoja huko mwisho. Mama alimpazia sauti shoga yake, debe likalia, tukaondoka. Yaliyofuata nilikuja kuyajua baadaye. Shoga yake alikaa kidogo, roho ikamvuta, akamwachia mzee mashamba mawili, debe likalia. Mzee naye alibaki peke yake akisikia kicheko kutoka shuleni. Akatupa macho, akaona kanga nyekundu kwenye dungu la mama, akajua mama amerudi. Akapaza sauti "Nakuachia," na hakungoja debe, maana alikuwa amechelewa. Ile kanga haikumdanganya nyani hata mmoja. Ilimdanganya mzee.

Darasani madirisha yalizibwa kwa maturubai ili picha ionekane. Ilikuwa giza, joto, watu wamebanana chini, na aliyeingia hakujulikana ni nani. Nikaanza. Chui jike ana watoto watatu, anawinda, anakosa. Anawinda tena, anakosa. Yule msimulizi wa Kiingereza alisema maisha ya porini ni magumu, nami nikalisema hilo kwa sauti nzito mbele ya watu wanaoshinda juu ya madungu na uji wa asubuhi tu tumboni. Nilisimulia vizuri, Mungu anisamehe. Niliigiza mpaka kunguruma. Watu walicheka watoto wa chui walipogombania mkia wa mama yao, na walinyamaza kimya aliposhindwa kumkamata paa.

Katikati ya filamu niliona kivuli kikisimama upande wa wanawake. Nilimjua kwa namna alivyoshika kiuno. Alitaka kwenda zake. Nami, kwenye kipaza sauti, mbele ya wote, nikasema, "Mama, kaa kidogo, watoto wa mwenzio bado hawajala." Watu waliangua kicheko. Naye akacheka, akakaa.

Chui alipata nyama mwishoni. Watu walipiga makofi kama timu yao imefunga. Maturubai yakashushwa, mwanga ukaingia, na hapo mama akamwona shoga yake hatua mbili kutoka alipokaa. Akamuuliza:

"Mashamba umemwachia nani?"

"Nimemwachia mzee."

Mzee alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti. Aligeuka akamtazama mama kama anayetazama mzuka. "Si nimekuachia wewe? Nimeiona kanga yako."

Walikimbia wote watatu, nami nyuma yao na viatu vyangu vya mjini. Tulipofika, nyani walikuwa wameshamaliza na wanaondoka taratibu, mabua yamelazwa, magunzi yametapakaa. Nyani hali hindi akalimaliza. Anavunja, anauma mara mbili, anatupa, anavunja jingine. Shamba la mama ndilo lililo karibu na kichaka, wakaanza nalo. Kwa shoga yake walikula nusu, kwa mzee waliparura ukingoni tu. Kwa mama hakikubaki kitu cha kuitwa shamba. Mama alizunguka akiokota mahindi yaliyoumwa upande mmoja, akiyapanga kwenye mkono kama kuni.

Wageni walikuja na gari lao mpaka pale. Mkuu wa msafara alisema pole, akasema na nyani nao wanatafuta riziki, akaniomba niwatafsirie watu wasije wakatega sumu. Halafu akagawa vipeperushi vyenye picha ya chui milia. Safari hii sikutafsiri. Nilimwambia kwa Kiingereza maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamwambia aondoe gari lake kwenye shamba la mama yangu. Alionekana kuumia. Aliondoka mapema, barabarani kukiwa bado kweupe.

Nimeyasimulia mara nyingi haya, na kila mara nawatukana wale wageni, na kila mara wanaonisikiliza wananiunga mkono. Kinachonikosesha raha ni kwamba mama hajawahi kuwatukana. Majirani walipokuja kumpa pole aliwakaribisha, akaendelea kupukuchua yale machache aliyookota, akawaambia, "Lakini mwanangu alisimulia vizuri jamani. Nilimwona yule mnyama kama yuko mbele yangu." Alimwambia kila aliyekuja. Nilitamani anigombeze. Siku ya tatu tulipobaki wawili nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyekukalisha."

Hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimeshasimama."

Kesho yake wakaja wengine kutoa pole, akawaambia tena kwamba nilisimulia vizuri.