Chemchemi ya Bibi Ndani ya Mtungi

Jumapili iliyopita nilikwenda Buhembe kumjulia hali mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa ametoka kuugua. Mezani, kati ya chupa ya chai na sahani ya ndizi mbivu, palikuwa na mtungi wa kioo uliofungwa kwa kifuniko, na ndani yake mimea. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alinieleza kwa furaha jinsi alivyoutengeneza kwa kufuata maelekezo ya kwenye simu. Alisema haumwagiliwi. Maji yanapanda, yanagusa kioo, yanarudi chini yenyewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwomba anifungulie kifuniko kidogo. Nikainamisha pua. Ilikuwa ile harufu ya udongo wa chini ya migomba mvua ikishapita, na papo hapo nikawa tena mtoto wa shule ya msingi, nyumbani kwetu Kibeta, mjini, nimepiga magoti kando ya kitanda cha bibi.

Ngoja nikusimulie. Bibi yangu, mama mzaa baba, hakuwa mtu wa mjini. Alikuwa wa Muleba, kwenye kijiji kilichojibanza chini ya kilima cha mawe, na kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, alikitunza tangu alipoolewa. Kule chini kibanja kinakoishia palikuwa na kichaka cha miti mikubwa, na ndani ya kichaka kulikuwa na chemchemi. Maji yalitoka kati ya mawe mawili, kidogo kidogo, hata ndoo ikijaa mtu anakuwa ameshamaliza habari zote za kijiji. Siku moja ya mvua bibi aliteleza pale akavunjika nyonga. Baba alimleta hospitali mjini, na alipotoka tukamchukua kwetu, kwa sababu kule kijijini alikuwa na baba yangu mdogo tu, kijana ambaye hakuwa ameoa, na kumuuguza mama mzazi asingeweza.

Akapewa chumba changu. Kilikuwa chumba kizuri, ila dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali wa jirani. Bibi alilala akiutazama ule ukuta. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililowatisha wazazi wangu. Mama alimpikia ndizi na maharage, akampikia dagaa wabichi, akamkorogea uji wa ulezi wenye maziwa. Bibi alionja kijiko kimoja, viwili, akarudisha bakuli taratibu. "Nimeshiba, waitu," alisema, kwa lile neno letu la heshima na upendo, na baada ya hapo humpati tena. Kitu pekee alichouliza ni kama mvua ilikuwa imenyesha kwao.

Muuguzi aliyekuja kumwangalia alimwambia baba mlangoni kwamba mfupa unaunga, lakini mgonjwa asipokula na asipokaa kitako, atawaponyoka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Nilielewa.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu wa maneno machache. Jioni ile, alipomaliza kula na kunawa, alisema, "Kibanja siwezi kumletea hapa. Lakini kipande chake naweza." Kisha akatueleza habari ya mimea inayoishi ndani ya chupa iliyofungwa, jambo aliloliona chuoni alipokuwa akisomea ualimu. Mama alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa pili.

Jumamosi baba akanichukua tukaenda Muleba. Baba mdogo alitupokea kwa kahawa za kutafuna, akatuteremsha hadi kwenye chemchemi. Kulikuwa na ubaridi wa asubuhi, na ndege mmoja akiita kutoka mahali tusipopaona. Baba alinionyesha vya kuchukua: udongo mweusi wa chini ya majani makavu; kangaga ndogo, ile mimea yenye majani kama kitana; na yale majani laini ya kijani yanayotanda juu ya mawe yenye maji, ambayo sisi watoto tuliyaita zulia. Aliyabandua kwa kisu cha jikoni, pole pole, kama anavyomenya ndizi mtu asiyetaka kupoteza nyama yake. Tukavifunga vyote kwenye majani ya mgomba na gunia lililoloweshwa. Jirani wa bibi, mama mmoja mzee aliyekuwa akiteka maji, alituuliza tunapeleka wapi uchafu huo. Baba alipomweleza, yule mama hakucheka. Alichukua jiwe dogo lililokuwa miguuni pake akaniwekea mkononi. "Mpelekee na hili," alisema.

Mtungi tuliupata kwa jirani yetu wa Kibeta, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani zamani, na ambaye visheti vyake vilijulikana mtaa mzima. Ulikuwa mtungi mpana wa kuwekea visheti, una kifuniko kizito cha kioo. Aliuosha kwa maji ya moto na ndimu ili mafuta yaishe, akauanika, na alipouleta akaingia moja kwa moja kumsalimia bibi. Hivyo watu wote wa nyumba, pamoja naye, walikuwepo chumbani siku tulipoutengeneza.

Baba alianza na kokoto za ufukweni mwa ziwa, tabaka la vidole viwili, akaniambia maji yanayozidi yatakaa huko chini yasiozeshe mizizi. Juu yake akaweka mkaa uliopondwapondwa, kisha kitambaa chepesi, kisha udongo wa kibanja. Mikono yake haikupita vizuri mdomoni mwa mtungi, ikabidi atumie kijiko alichokifunga kwenye kijiti. Alitoboa udongo, akasimamisha kangaga ya kwanza, akaibana kwa kijiti.

"Sio hapo."

Sote tuligeuka. Bibi alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Siku zote zile hatukuwahi kuisikia sauti yake ikiwa na nguvu namna ile.

"Weka jiwe kwanza," alimwambia baba kwa Kihaya. "Jiwe liko mkono wa kushoto ukiwa unateremka. Hayo majani yanakaa nyuma yake, yanalikimbia jua."

Baba aliing'oa kangaga akaanza upya. Nilimpa lile jiwe la jirani wa kijijini, na bibi akaomba alishike kwanza. Aliligeuza geuza. "Hili ndilo lililoniangusha?" aliuliza, na mama akaangua kicheko ambacho nadhani kilikuwa kimekaa kifuani mwake tangu hospitali. Bibi naye akatabasamu. Tulimaliza kazi ile kwa amri zake, zulia huku, udongo uinuke kule, hadi kukawa na chemchemi ndogo isiyo na maji. Baba akanyunyiza vijiko vichache vya maji ya mvua, akafunga kifuniko, na tukauweka juu ya meza karibu na dirisha, mahali penye mwanga lakini jua halifiki.

Kesho yake asubuhi kioo kizima kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani. Kisha matone yakaanza kuteremka, moja likilisukuma jingine, hadi yakapotea kwenye zulia. Bibi aliyatazama yote. Mama alipoingia na uji, bibi akampa habari: "Kwetu kumenyesha." Akaupokea uji, akaunywa huku macho yake yakiwa kwenye mtungi, na mama akatoka na bakuli tupu asijue amwonyeshe nani.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata kuvu nyeupe ilitanda juu ya jani lililooza, na kioo hakikutakata hata mchana. Baba alisema tumezidisha maji. Akaniachia mimi kazi: nifungue kifuniko asubuhi hadi niondokapo kwenda shule, nitoe kilichooza kwa kijiti, nipanguse kioo kwa kitambaa kikavu, na kila nirudipo niugeuze mtungi kidogo ili mimea isiinamie upande mmoja. Bibi alinisimamia. Kwa kuwa kutoka kitandani hakuuona vizuri upande wa nyuma, aliomba akalishwe kitako. Baadaye aliomba kiti. Baadaye tena aliomba fimbo, na nikirudi shuleni namkuta ameegemea meza, pua imekaribia kugusa kioo, anaangalia nyungunyungu mdogo aliyekuja na udongo wetu. Siku jani jipya la kangaga lilipochomoza, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, mama wa visheti aliitwa kuja kuliona.

Halafu shangazi akaja kututembelea. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye upendo na mikono isiyotulia. Bibi akiwa amelala mchana, shangazi alifagia chumba, akaona mimea imefungiwa kwenye kioo, akaihurumia. Aliutoa mtungi nje ipate jua, na kifuniko akakiacha kimefungwa. Niliporudi shuleni niliukuta juu ya ukuta mdogo wa uani, una joto kama sufuria. Zulia lilikuwa la kahawia. Kangaga zilikuwa zimelala.

Niliuingiza ndani kwa sababu sikujua la kufanya. Shangazi alipoelewa alichokifanya alikaa sakafuni, akawa anamwomba mama yake msamaha. Baba alifika kutoka kazini akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Sote tulimtazama bibi kwa hofu ileile ya siku za mwanzo. Aliutazama mtungi. Kisha akamwambia shangazi anyanyuke, sakafu ni baridi.

Baba alisema haraka kwamba Jumamosi atakwenda Muleba kuleta mingine.

"Tutakwenda wote," bibi alisema. "Safari hii nitachagua mwenyewe."

Baba aliazima gari la mwalimu mwenzake, lile la kubebea mizigo, bibi akakaa mbele juu ya mito. Tulipofika kwenye rweya, yale maeneo ya wazi ya nyasi yanayotangulia vijiji vyetu, alishusha kioo cha dirisha akaacha upepo umpige. Nyumbani, baba mdogo alikuwa amefagia uwanja hadi ukang'aa. Bibi alitembea kwa fimbo kati ya migomba yake, akigusa shina hili na lile, akisema lipi linahitaji kupunguziwa majani. Mwisho wa kibanja njia inateremka ghafla, na hapo hakuweza. Tulimwekea kigoda. Mimi nikawa nateremka na kupanda, nampelekea vipande vya zulia, yeye anakubali hiki, anakataa kile.

Ndipo akatokea yule jirani yake, ndoo mkononi. Aliiweka chini, akakaa kwenye majani makavu kando ya kigoda.

"Umechelewa leo," alimwambia bibi.

"Njia ilikuwa ndefu," bibi akajibu.

Basi. Hawakukumbatiana wala kulia. Walianza kuzungumza habari za nani kaoza binti na kahawa ya nani imeiva, na ndoo ikakaa pale tupu mpaka jua likawa la utosi. Mimi nilikuwa nimekwisha kujaza gunia. Baba alisimama mbali kidogo, kati ya migomba, akiwatazama, na nadhani hapo ndipo alipojua kwamba hatarudi mjini na mama yake. Alipomwendea kumwambia twende, bibi alimshika mkono tu. Baba alichuchumaa, wakasemezana taratibu, na baadaye akaniambia nipakie mito tu.

Baba mdogo alioa mwaka huohuo, na bibi akapata wa kumpikia. Aliishi kwake miaka mingi baada ya hapo. Mtungi niliupanda upya mwenyewe, ukakaa chumbani kwangu kijani kibichi hadi nilipokwenda shule ya bweni. Mama akaja kuuosha na kuurudisha kwa mwenyewe, ukajazwa visheti.

Mwaka jana nilikwenda Muleba. Wazee wote wa siku zile niliokutajia wamekwisha kutangulia, isipokuwa baba, ambaye ni mzee sasa, na baba mdogo, mwenye mvi. Kile kichaka kimekatwa, imepandwa mikaratusi, na yale mawe mawili ni makavu. Maji yapo, tena ya bomba, uwanjani pa kila mtu. Niliwatazama mabinti wa baba mdogo wakijaza ndoo. Bomba lina nguvu. Wanafungua, ndoo inajaa, wanafunga, wanaingia ndani. Hakuna anayeteleza, na sina ninachoweza kukilalamikia. Hata bibi angelipenda. Nilisimama pale uwanjani nikitazama nyumba ya pili, ambapo binti mwingine wa rika lao alikuwa anajaza ndoo yake. Hawakuitana. Nilimuuliza mmoja wao yule mwenzao anaitwa nani. Alifikiri kidogo, akasema hana hakika.